Mama aliyekuwa anachukua kayaki ya watu wawili akiwa peke yake, bwawani Mbozi

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili nimeliona kwa macho yangu na sijaongeza chumvi. Wa kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa Tunduma. Nakodisha kayaki, vile viboti vyembamba vya kasia, kwenye bwawa moja huku Mbozi, njia ya Itaka. Jina la bwawa naliacha, wenyeji wasije kunilaumu.

Nilipoanza nilijua wateja watakuwa vijana. Nikachemka. Vijana wanapiga selfie, kasia hata halilowi. Wanaopiga kasia kweli ni akina mama wa mpakani, wale wanaoshinda wiki nzima wakibishana na madereva wa malori. Wengine ni manesi, walimu, na wastaafu wenye presha. Ukiwauliza sababu, wengi wanasema wanatafuta kimya.

Siku hizi hata wakulima wanakuja, wale wale walionicheka eti mtu mzima anachezea maji.

Mmoja wao ni Mama Ombeni, mkulima wa kahawa. Kila Jumamosi asubuhi anakuja peke yake, anachukua kayaki ya watu wawili. Life jacket anataka mbili. Moja anavaa, nyingine anaifunga kwenye kiti cha mbele.

Nikawa namtania, "Mama, huyo abiria wako mbona hasalimii?" Anatabasamu tu.

Siku moja jirani yake akanieleza. Mumewe alizama humo humo akitega perege, mwaka wa pili sasa. Chini kuna visiki na tope, mwili haukuonekana. Na ukoo wao hauanui matanga bila kaburi. Kwa hiyo nyumba nzima bado iko msibani, binti hawezi kuolewa, mama havui nguo nyeusi.

Nilijuta ule utani, wakuu. Nilijuta sana.

Sasa Jumamosi moja ya Juni ukungu ukashuka, ule wa Mbozi, mkono wako mwenyewe huuoni. Mama alikuwa ameshaingia bwawani. Nikapiga filimbi kumwita arudi.

Halafu nikasikia makasia. Mawili, hayaendi pamoja, moja zito linachelewa. Na kayaki nyingine zote zilikuwa nchi kavu!

Nywele zilinisimama, lakini ningemwachaje mama wa watu? Nikachukua kayaki moja, nikaufuata ule mlio.

Nilimkuta katikati ametulia, kasia mapajani. Kayaki imezama kwa mbele, utadhani mtu mzito amekaa pale.

"Mwanangu, tuvute," akasema. "Mzee amechoka."

Nikafunga kamba, nikavuta. Kazi hii nimeifanya sana, uzito wa watu wawili naujua.

Ufukweni mama akashuka, akanyoosha mkono kuelekea kiti cha mbele, akasubiri. Mbele ya kayaki pakainuka taratibu. Kisha akashika njia ya nyumbani, anatembea pembeni, nafasi ya mtu mmoja kaiacha wazi.

Wiki iliyofuata nikaitwa kwa mama, Itaka, matanga yanaanuliwa. Mama kavaa kitenge cha njano, anacheka. Ndugu wa marehemu wakanishika mkono mmoja mmoja, wakanishukuru kwa kumleta ndugu yao.

Nilichojifunza: usimtanie mtu kabla hujajua kilichomleta.

Wa Mbozi na Ileje mnaoyajua haya, semeni chochote, hata mkinicheka sawa. Maana katikati ya mibuni kulikuwa na kaburi jipya, na mimi nilishindwa kuuliza wamezika nini.