Meza Isiyozindikwa

Ruksa ya biashara ilipokuja na marobota ya mitumba yakaanza kushuka Kariakoo, mimi ndiye mwanamke wa kwanza kuweka meza kwenye safu yetu ya Mtaa wa Kongo. Anayebisha aje. Nguo za watoto, nimezifua, nimezinyoosha. Wezi nao wakaja, maana ruksa iliwafikia na wao.

Basi Kitwana, muuza viatu, ndiye mkubwa wa safu, akaita mganga aizindike safu nzima ili wezi wasione njia. Kila meza ikachimbiwa kifurushi cha dawa chini yake. Hata Isidori, anayeimba besi kwenye kwaya yetu ya kanisani, nilimwona anasogeza miguu wachimbe. Walipofika kwangu niliketi chini, palepale walipotaka kuchimba.

"Mama Anaeli, ondoka basi," Kitwana akasema.

"Siondoki. Kristo ameniweka huru, na uhuru wangu siufukii mchangani."

"Ukiacha tundu, mwizi atapitia kwako. Kitu kikiibiwa safu hii tutakudai wewe, na meza utaondoa."

"Nidaini. Kifurushi hakina mdomo wa kujibu. Mimi ninao."

"Huo tunaujua!" Isidori akadakia, wakacheka. Nikacheka na mimi, lakini neno nilikuwa nimeshalitoa. Na watoto wangu wanne, baba yao marehemu, walikuwa wanakula kutoka meza ile.

Tangu hapo wenzangu wakastarehe. Mtu anakwenda kula, meza anaiacha wazi, dawa inalinda. Mimi dawa sina, nikabaki na macho. Aliyenifungua hakunifungua ili nilale.

Ijumaa moja, saa saba mchana, Kitwana yuko msikitini, Isidori kaenda kunywa chai. Akaja jibaba mmoja mwenye ndevu, amevaa koti na joto la Dar lote lile. Akawa anaviingiza viatu vya Kitwana kotini, jozi baada ya jozi, kama anayevitoa kabatini kwake.

Ndugu yangu, Kariakoo lile neno la kuita unalijua. Ukilipaza, kabla hujameza mate mtu ameshapigwa mawe na tairi linawaka. Nikinyamaza, meza yangu imekwenda. Nikiita, mtu amekwenda. Na nani angenilaumu? Ilikuwa ruksa kabisa.

Nikamkamata mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

"Shemeji!" nikapaza sauti mtaa mzima usikie. "Umepotea siku zote hizo! Kaa hapa!" Halafu sikioni: "Ukisimama, nalitaja lile neno."

Akaketi kama mwali. Viatu vikawa vinagongana kotini.

Kitwana akarudi, akaliona koti limevimba, akaelewa. Akavuta pumzi aite watu. Nikasimama mbele yake.

"Ulisema mtanidai mali. Hesabu, yote hii hapa. Shingo ya mtu haikuwemo."

"Mama, huyu ni…"

"Ni shemeji yangu."

Isidori alikuwa ameshafika. "Shemeji tangu lini?"

"Tangu saa saba."

"Uongo huo, mama, na wewe umeokoka!"

"Uongo huo nitautubu Jumapili. Wewe kifo chake ungekitubu wapi?"

Kitwana ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. Akavitoa viatu vyake kotini kimoja kimoja. "Haya, mpeleke shemeji yako," akasema. "Na meza yako, Mama Anaeli, atakayeigusa ataniona mimi."

Nikamshika yule bwana mkono, nikapita naye katikati ya Kariakoo mchana kweupe, naimba wimbo wa sifa kwa sauti isiyo nzuri lakini kubwa. Wapagazi na mikokoteni yao wakatupisha. Tulipofika Msimbazi nikamwachia.

"Nenda. Na wewe sasa u huru, kwa hiyo utajibu mwenyewe."

"Shikamoo, mama," akasema, jitu zima lile.

"Marahaba."

Nikageuka kurudi kwenye biashara yangu, naanza ubeti wa pili.