Picha ya Taya Langu

Ulianza mlio. Nilikuwa nimekaa na mama kwenye benchi la mbao, na nyuma ya ukuta wa plaiwudi kitu nisichokiona kililia mara moja, mlio mwembamba uliokatika ghafla, kama birika lililoepuliwa motoni kabla halijaanza kuimba sawasawa. Mama akanishika goti. Baadaye kidogo mzee mmoja akatoka mle ndani akijifuta midomo kwa leso na kutabasamu, nami nikajiambia kwamba chochote kilicholia hakiumi.

Miaka ile Mwanza ilikuwa inafunguka. Maduka niliyoyajua na rafu tupu yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa kando ya barabara, na madaktari tuliozoea kuwaona hospitali za serikali tu wakaanza kutundika vibao vyao wenyewe. Kliniki hii ya meno ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Mpaka leo nikifungua doti mpya ya khanga na kusikia harufu yake ya wanga, najiona nikipanda ngazi zile za saruji na gauni langu la kanisani, mkono wangu ndani ya mkono wa mama.

Sikuwa naumwa jino. Tulikwenda pale kwa ajili ya mtoto wa mama mdogo.

Jioni ya jana yake mama mdogo alishuka kwenye gari la kutoka Kigongo, ambako mumewe aliwauzia chai watu wanaosubiri kivuko, akaja kwetu Mkolani na mtoto mgongoni. Mtoto hakuwa hata ameanza kukaa. Alikuwa anaharisha, homa inapanda na kushuka, na fizi zake za chini zimevimba. Majirani wa Kigongo walikuwa wameshamwambia mama mdogo ugonjwa wenyewe: meno ya plastiki. Siku hizo habari hiyo ilizagaa kila mahali. Walisema kuna watoto wanaozaliwa na meno mabaya ndani ya fizi, meupe, laini kama plastiki, na yasipochimbuliwa mtoto hufa. Pale Usagara, nyuma ya njia panda, alikuwapo mwanamke aliyeyachimbua kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa. Mama mdogo alikuwa ameshapita kwake. Ameambiwa arudi kesho mchana, aje na mtu wa kumshika mtoto.

Mtu huyo alikuwa mama.

Mama alikuwa anapepea jiko la mkaa. Alisema mtoto apelekwe hospitali. Mama mdogo akasema zahanati ya kule amekwenda, amepewa dawa ya maji, na hali ni ileile. Mama akasema hospitali kubwa ya mjini si zahanati. Wakabishana kwa sauti ya chini, Kiswahili kikichanganyika na lugha ya nyumbani kwao Mara, kama walivyofanya siku zote wakigombana. Mimi nilikuwa nachambua dagaa kwenye ungo, masikio yote yako kwao.

"Dada," mama mdogo akasema, "huyu wa kwako mimi ndiye niliyemshika miguu. Nilikuwa na sare ya shule. Mbona yuko hai?"

Akaninyooshea kidole.

Ndivyo nilivyojua. Nilikuwa na mapengo mawili chini, moja kila upande wa meno ya mbele, na shuleni waliniita Geti. Nikicheka, wavulana walijifanya wanafungua na kufunga, kiii, kiii. Meno ya chonge ya wenzangu yalikuwa yameshaota. Yangu, mama alisema kila nilipolia, yamechelewa tu. Kuna watu meno yao huchelewa.

Mama akazidi kupepea jiko. Asubuhi alichanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi kwenye jagi, akamwambia mdogo wake amnyweshe mtoto kwa kijiko bila kuchoka, na asiende popote mpaka sisi turudi. Mama mdogo akasema atasubiri mpaka mchana, na mchana ukifika ataondoka.

Najua ni vibaya kuikumbuka safari ile kwa furaha, wakati mtoto amelala nyumbani midomo imemkauka. Lakini naikumbuka hivyo. Baba alikuwa ng'ambo ya ziwa, kwenye machimbo ya Geita, mama alishinda kutwa akiuza mitumba, na ilikuwa nadra kuwa naye peke yangu asubuhi nzima. Alinifunga utepe kwenye nywele. Alitembea upande wa jua ili mimi nipite kivulini. Upepo wa ziwa ulikuwa unapanda mtaani na harufu ya samaki wabichi, na nilitamani kliniki iwe mbali zaidi.

Nilimwamkia daktari, akaitika, akaniuliza ni jino lipi linaloniuma. Nikasema hakuna. Akamtazama mama, akacheka kidogo, akasema wagonjwa wake wote huja wameshika shavu, na mimi ndiye wa kwanza kuja na utepe.

Mama hakucheka. Alimweleza yote bila kupunguza: homa yangu nilipokuwa mchanga, yule mwanamke, spoki. Nilikuwa nimesimama palepale, naye hakunitoa nje. Akasema hataki dawa. Anachotaka ni kujua kama meno yamo.

Daktari aliacha utani. Alinivika aproni nzito kama gunia la mahindi lililonyeshewa, akaniwekea mdomoni kijibahasha kidogo kigumu ambacho kona zake zilinichoma chini ya ulimi. "Uma taratibu," akasema. "Huo si muwa." Akaisogeza pua ndefu ya mashine mpaka ikagusa shavu langu, akatoka. Ule mlio ukaja, safari hii karibu na sikio. Tukapiga upande wa pili, kisha magego. Baadaye alijifungia kwenye chumba chenye giza, tukasikia maji yakichuruzika, akatoka na vipande vya filamu vimening'inia kwenye vibanio, akavibandika kwenye kisanduku chenye taa.

Sikuwahi kujua kwamba jino ni refu namna ile. Unaloliona mdomoni ni kidogo tu. Sehemu kubwa imezama, kama mawe yetu ya ziwani ambayo ndege hutua juu yake na mtu akadhani amekwisha kuliona jiwe lote. Daktari alionyesha kwa ncha ya kalamu. Upande wa kulia, jino la chonge lilikuwapo. Limelala kiubavu ndani ya mfupa, limekosa njia, na likifuatiliwa kwa picha mara kwa mara linaweza kusaidiwa kutoka. Kati ya magego mawili alituonyesha kivuli cheusi, mwanzo wa kuoza mahali ambapo jicho halifiki wala mswaki. Hilo angeliziba kabla halijaanza kuniamsha usiku.

Upande wa kushoto kalamu yake ilisimama. Palikuwa na kipunje kidogo, kama mtama, na kukizunguka ni mfupa mtupu.

"Hili la huku ndilo lililochelewa?" mama akauliza.

"Halijachelewa, mama. Halipo."

"Alinionyesha alipolitoa. Lilikuwa jeupe. Laini."

"Jino changa ndivyo lilivyo kabla halijakomaa," daktari akasema. "Alikuonyesha jino la mwanao. Na la ukubwani, lililokuwa chini yake, akalivuruga."

Mama alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, kile kirefu, kama vile ni yeye aliyekuja kutibiwa. Kisha akamweleza habari za mtoto aliye nyumbani. Daktari hakumaliza hata kumsikiliza. Alisema fizi za mtoto wa umri ule huvimba na kuwasha, hilo halina cha ajabu, lakini homa na kuharisha vina chanzo kingine na vinamkausha maji, na kidonda mdomoni kitamzuia hata kunyonya. Apelekwe hospitali leo. Aliibandua filamu ya upande wa kushoto, akamkabidhi mama, akasema watu wengi hawamwamini yeye ila hiyo huitazama.

Jino langu la kulia lilitoka miaka miwili baadaye, baada ya kuzipanda ngazi zile mara nyingi mpaka mwenye duka la vitambaa akawa ananiita mchumba. La kushoto halikutoka. Ulimi wangu bado huenda kwenye pengo lile ninapoandika, kama mtu anayepapasa ukuta wa chumba alicholala utotoni.

Lakini siku ile tulirudi mbio. Tulimkuta mama mdogo amesimama katikati ya chumba, mtoto ameshafungwa mgongoni, mfuko wa nepi mkononi.

"Mchana umefika, dada."

Mama alimvuta mpaka dirishani, akaiinua filamu kwenye mwanga. Mama mdogo akauliza ni nini. Mama akamwambia ni taya langu. Akampitisha kwa kidole, jino baada ya jino, mpaka kwenye ule mfupa mtupu.

"Hapa ndipo palipochimbuliwa siku niliyompeleka. Halitaota."

"Si ulisema yamechelewa?"

"Nilisema hivyo kwa sababu sikujua. Halafu nikaendelea kusema kwa sababu niliogopa kujua."

Mama mdogo aliniita, akaniambia nifungue mdomo. Akaingiza kidole, akaigusa fizi yangu pale penye pengo, akakaa hivyo kwa muda. Kidole chake kilikuwa na ladha ya sukari na chumvi. Alipokitoa, alimzungusha mtoto kutoka mgongoni, akamtazama usoni. Mtoto hakulia. Alimwangalia tu, macho yamezama.

"Magari ya mjini yapo saa hizi?" akauliza.

"Yapo," mama akasema, na tayari alikuwa anatafuta viatu vyake.

Mama mdogo hakumsubiri. Alimkumbatia mtoto kifuani, akamfunika kichwa kwa khanga kwa ajili ya jua, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake.