Nilimvusha Mwanangu Pemba Akiwa na Ndui

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu peke yangu. Mume wangu hakulijua, na bwana afya wa bandarini nilimdanganya. Jina langu silitoi, maana naogopa.

Nakaa Chumbageni, hapa Tanga. Mwaka jana ndui iliingia mtaani kwetu. Waliougua walipelekwa kambini, nje ya mji. Jirani yangu mmoja alichukuliwa mwanawe, akazikwa hukohuko, mama hakuuona hata uso wake.

Basi asubuhi moja nikaona vipele usoni mwa binti yangu Salama, bado ananyonya, mwili wake moto. Mume wangu alikuwa safarini Korogwe. Sikuwaza ila jambo moja: nimkimbize kwa mama yangu kule Wete, Pemba, kabla hawajaja kumchukua.

Siku hiyo meli ya Pemba ilikuwa inaondoka. Nikamfunika Salama ndani ya buibui, nikashuka gatini. Bwana afya alikuwa akitazama abiria mmoja mmoja. Aliponiuliza mtoto ana nini, nikamwambia anaota meno, ndiyo kwanza kapata usingizi. Nyuma yangu watu walikuwa wakisukumana. Akanipitisha.

Baharini mawimbi yalikuwa makubwa, nikawa natapika tu. Mwanamke mmoja aliyeketi karibu nami, naye ana kichanga chake cha kiume, akanionea huruma. Akanyoosha mkono, akasema, "Nipe nikushikie, mwenzangu, upumzike kidogo."

Hapo ndipo ningesema. Wallahi neno lilinifika kooni! Lakini niliogopa meli nzima itasikia, turudishwe Tanga. Nikampa. Akamlaza Salama paja moja, mwanawe paja la pili.

Tulipofika Wete, mama yangu alimuuguza Salama mpaka akapona, akabaki na makovu. Kisha akaugua yeye. Mimi nilichanjwa tangu utotoni. Mama hakuchanjwa kamwe, na mimi nililijua hilo. Akafa, nikamzika hukohuko.

Siku niliyorudi Tanga, sijatoka hata bandarini, nikasikia naitwa. Alikuwa yule mwanamke wa melini, uso umejaa makovu, mikono mitupu. Nilijua amekuja kunishtaki. Kumbe alinikumbatia, akambusu Salama, akamshukuru Mungu kwamba wangu amepona. Wake alikuwa amekufa.

Akaniuliza polepole, "Hivi unadhani nani alituletea maradhi mle melini?"

Nikamjibu, "Mungu ndiye ajuaye."

Akalia begani mwangu. Akataka kujua nakaa wapi, nami kwa kubabaika nikamwelekeza nyumba yangu hasa.

Yeye anakaa Makorora, hapahapa Tanga. Sasa huja kunitazama, humletea Salama visheti, humpakata kama wake. Mume wangu humsifu kwa wema. Mimi kila nikisikia hodi, hudhani amekwisha kujua. Nimejaribu kumwambia, nikaishia kumkaribisha chai.

Mama wenzangu, msimfiche mgonjwa wa ndui. Msimpandishe melini, msimtie mtu mapajani. Kambi inatisha, najua, lakini hofu yenu msiivushe bahari mkawatwika watu wasio na habari.

Nimeyaandika haya hapa kwa sababu yeye hajui kusoma. Na tangu nilipoanza kuyaandika, naogopa yuko mtu atakayemsomea.