Jani la Isale kwenye Pipa la Kijani

Kila ifikapo Aprili, nikifunua lile pipa la taka lenye kifuniko cha kijani, harufu ya majani yaliyolowa na kuanza kuoza hunipanda puani, na mimi, mtu mzima mwenye kazi na leseni ya gari, husimama pale nyuma ya nyumba nikiwa na hasira mbichi kabisa. Wenzangu harufu huwakumbusha mapishi ya bibi zao. Mimi hunikumbusha kisasi. Nawasimulia ninyi kwa sababu mchungaji nimeshamwambia na hakunisaidia sana.

Tulifika Sydney nikiwa na miaka tisa, mama na mimi, wawili tu. Aliyetupokea uwanja wa ndege alikuwa Mama Ndeshi, mwanamke wa Machame kama mama, aliyetangulia huku miaka mingi. Alitulaza kwake Seven Hills miezi mitatu, akamsindikiza mama kwenda kuandikishwa masomo ya kulea wazee, akanifundisha mimi kupanda treni bila kupotea. Nilimwita mama mkubwa. Jikoni kwake walikuwa wakicheka na mama kwa Kimachame mpaka chai inapoa, wanaipasha, inapoa tena. Hata tulipopata nyumba yetu ya kupanga Blacktown, haikupita wiki bila sahani kuhama kutoka kwao kuja kwetu au kutoka kwetu kwenda kwao. Mama hakuwa na ndugu mwingine katika nchi hii, na hakumhitaji mwingine.

Jumapili tulikuwa wote kanisani. Usharika wetu wa Kilutheri ulikuwa na watu wa namna mbili: wazungu wazee ambao babu zao walitoka Ujerumani, na sisi. Mzee Werner, mjane aliyekuwa akifagia uwanja wa kanisa, alidai kwamba yeye na sisi ni binamu, maana waliomfundisha babu yake katekisimu na waliomfundisha babu yangu walitoka sehemu moja, au angalau walifuga ndevu za aina moja. Nyimbo zilikuwa na sauti zilezile. Yeye aliimba Kijerumani chake alichokikumbuka nusunusu, mama aliimba Kiswahili, sisi watoto Kiingereza, na kinanda kilituchukua wote pamoja mpaka mwisho wa ubeti.

Sikukuu ya mavuno huku huangukia Machi, joto likianza kupungua na majani yakianza kubadilika rangi. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama alikuwa amelima nyuma ya nyumba kwa miezi yote ya joto, akipalilia kabla ya kwenda zamu, na asubuhi ile alijaza kikapu chake cha ukindu alichotoka nacho Moshi: viazi vitamu, matembele, na boga moja kubwa alilolifuta kwa kitambaa mpaka likang'aa. Aliniambia nilibebe mimi boga kutoka kwenye gari, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine.

Korona ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutajwa. Watu walikuwa wameacha kushikana mikono, wakagusana viwiko na kuchekana. Kwenye taarifa ya habari walitaja nyumba ya wazee ambako ugonjwa ulikuwa umeingia. Haikuwa nyumba aliyofanyia kazi mama. Ilikuwa upande mwingine kabisa wa jiji, na Mama Ndeshi alilijua hilo vizuri kama alivyojua jina lake.

Mama Ndeshi alikuwa mwenyekiti wa umoja wa wanawake, na ile meza ya mavuno mbele ya madhabahu alikuwa anaitawala yeye. Mama aliweka kikapu, nami nikaweka boga juu yake. Hatukuwa hata tumekaa, Mama Ndeshi akaja amevaa glavu za kuoshea vyombo. "Mama Aika, utanisamehe," alisema, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. "Unakofanya kazi sote tunakujua. Hivi haviwezi kukaa na vyakula vya watu." Kisha akachukua fagio, akapitisha mpini kwenye vishikio vya kikapu, akakinyanyua na kukitoa nje kama mtu anayetoa panya aliyekufa. Alikiacha karibu na mapipa.

Mama alikaa, akafungua kitabu cha nyimbo, akaimba wimbo wote wa kwanza akiwa amekishika kichwa chini miguu juu. Ibada ilipokwisha, Mzee Werner, ambaye Kiswahili hakukijua lakini fagio alilielewa, alikwenda kule mapipani, akalikumbatia boga letu kwa mikono mitupu na kulipeleka kwenye gari lake. Namkumbuka kwa hilo mpaka leo. Na Mama Ndeshi namkumbuka kwa lile lingine. Tangu siku ile sikumwita tena mama mkubwa.

Hazikupita wiki mbili, makanisa yakafungwa na shule zikafungwa. Mama aliizuia namba ya Mama Ndeshi kwenye simu, akajitoa kwenye kundi la wanawake, akawa anakwenda zamu na kurudi, anavua nguo gereji na kuoga kabla hajanisalimia. Nilimsikia akilia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa. Mimi nilikaa na kompyuta ya shule mbele yangu nikipanga visasi. Nitamwaga chumvi kwenye maua yake. Nitamwandikia barua isiyo na jina, ya herufi za kukatwa kwenye magazeti. Kikwazo kilikuwa kimoja tu: hatukuruhusiwa kutoka nyumbani.

Kisasi kikaja chenyewe mlangoni. Ilikuwa siku ya kazi, saa nne asubuhi, mama amelala baada ya zamu ya usiku. Kupitia pazia nilimwona Mama Ndeshi akiingia getini, barakoa ya kitenge usoni. Aliweka kitu juu ya zulia la mlangoni, akarudi nyuma mpaka getini, akasimama. Alisimama muda mrefu sana akiliangalia dirisha letu. Hakubisha hodi. Alipoondoka nilifungua mlango nikakuta sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, na chini ya kitambaa jani moja refu la kijani, limefungwa fundo katikati.

Kwa wasiotoka kwetu, niwaeleze. Jani lile ni isale. Huku Australia wanauza mmea wake kwenye vyungu, wa kupamba sebule, lakini Uchagani ukimkosea mtu na huna tena maneno, unampelekea jani la isale. Akiliona, yamekwisha. Hana ruhusa ya kukataa. Bibi alinisimulia jinsi babu alivyogombana na jirani yake miaka kadhaa kwa ajili ya mpaka, wakapishana njiani kama hawajuani, mpaka jirani alipotokea na isale babu akiwa mezani. Babu aliacha chakula, akainuka, akampa kiti. Anayekataa isale, bibi alisema, watu hawataki hata kuteka naye maji.

Kwa hiyo nilijua nilichoshika, msidhani sikujua. Nilijua kwamba mama akiamka na kuliona, itambidi asamehe, atake asitake, na mwanamke yule atarudi jikoni kwetu kunywa chai kana kwamba fagio halijawahi kuwepo. Nikasema hapana, kwa sauti, peke yangu pale mlangoni. Mti wa jirani ulikuwa ukipukutisha majani mekundu upande wetu wa ua, na pipa lilikuwa limejaa. Nilichimba kwa mkono mpaka chini palipokuwa na unyevu, nikalizika jani la isale na fundo lake, nikalifunika. Sahani niliiosha nikaichanganya na zetu. Alhamisi gari la taka lilipopita nilitoka kutazama mkono wa chuma ukilinyanyua pipa na kulimwaga. Niwaambie ukweli, sijawahi kufurahi vile siku ya Krismasi.

Nilikuwa nataka angoje. Nilimwona akilini mwangu akiruka kila simu inapolia, akichungulia dirishani kwake Seven Hills, siku baada ya siku, pasipo jibu. Nilipolala niliiota sura yake na nikalala vizuri.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunakunywa chai, mama akaweka kikombe chini. "Unajua, Aika," alisema, "angeniletea isale, hata leo, ningekwenda kwake. Ningesimama barabarani, yeye ndani, tukaongea. Ndivyo tulivyolelewa. Ila nadhani mtu akikaa huku sana anasahau kwao." Nilipuliza chai yangu. Ilikuwa imekwisha kupoa, lakini niliendelea kuipuliza. Pale ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi yote duniani, na nikaomba sukari.

Makanisa yalipofunguliwa tulirudi kwenye viti vilivyobandikwa alama, mikono ikinuka dawa, kuimba kumekatazwa. Kinanda kilipiga peke yake na Mzee Werner akanung'unika wimbo puani. Uwanjani, baada ya ibada, Mama Ndeshi alimjia mama polepole, ameinamisha kichwa. Mama alimsalimia kama anavyosalimiwa dereva wa basi, akanishika mkono tukaondoka. Niligeuka nione uso wa Mama Ndeshi. Ulikuwa uso wa mtu aliyefungiwa mlango, nami niliufurahia njia nzima.

Baada ya hapo wanawake wa kwetu walianza kunyamaza mama akikaribia. Walijibu salamu, wakakumbuka shughuli. Mama alipofanya sherehe ya ubarikio wangu, yaani kipaimara, walikuja watu wanne, na wali wa watu thelathini tuliula wiki nzima. "Bado wananiogopa kwa ajili ya kazi yangu," mama alisema. Mwaka uliofuata tulihamia Minto. Alisema ni kwa sababu ya kodi. Kule alipata kanisa ambamo hakuna aliyejua Kiswahili, akawa anakaa mwisho wa kiti, akiimba maneno yake mwenyewe chini chini kwa sauti zilezile za zamani. Jikoni kwetu hakuna aliyecheka tena kwa Kimachame. Mimi nilimlaumu Mama Ndeshi kwa yote hayo, na lawama hiyo nilikua nayo mpaka nikawa mtu mzima.

Mwaka jana, majani yakipukutika tena, mama alikwenda Blacktown kununua unga na ndizi. Alirudi akasimama jikoni na mifuko mikononi, hakuiweka. Mimi nilikuwa naosha vyombo.

"Nimekutana na mama mmoja wa usharika wa zamani," alisema. "Ananiuliza kama moyo wangu umeshalainika. Ananiambia wote walishindwa kuelewa nilivyokataa isale." Alinitazama. "Isale gani, Aika? Mimi nimekataa isale ya nani?"

Nilifunga bomba. Nilimweleza mlango, sahani, kitambaa, pipa. Sauti yangu ilikuwa ya yule mtoto wa miaka kumi na mitatu. Nilingoja anigombeze, hata anipige, ingawa nimemzidi urefu.

"Lilikuwa na fundo?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo alileta," alisema, na uso wake ukakunjuka, nikamwona jinsi alivyokuwa Seven Hills zamani zile. "Alileta mwenyewe." Ndipo alipokaa chini na kulia, na mifuko bado mikononi. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja. "Wewe nitakushughulikia. Sasa nipeleke."

Barabarani, mikono kwenye usukani, ndipo hesabu yote iliponijia. Wanawake wale hawakuwa wakikimbia korona. Walikuwa wakimkimbia mtu aliyekataa isale. Nilimlenga Mama Ndeshi nikampata mama, na nilimpata kila Jumapili, miaka yote ile, huku nikimfariji. Aliyekuwa akingoja dirishani alikuwa mama. Nilidhani namlinda asilazimishwe kusamehe, kumbe kusamehe ndicho kitu alichokuwa akikililia bafuni, na nilikuwa nimekitupa kwenye taka kwa mkono wangu.

Lakini sitawadanganya. Hata nilipojua hayo, hasira yangu kwa mwanamke yule haikupungua. Tulipofika mama alibaki getini. "Tangulia," aliniambia. "Wewe ndiye utakayemweleza." Nilikuwa nimepanga maneno. Ningesema kosa langu, sawa, lakini ningeanza na lake. Nilikuwa nimengoja miaka mingi kumsomea lake, mlangoni pake, kwa sauti ya kufika viti vya nyuma. Nilibisha kwa ngumi.

Mama Ndeshi alifungua. Alikuwa amezeeka, nywele nyeupe, ndala miguuni. "Aika?" alisema. Nilifungua mdomo. Macho yake yakapita juu ya bega langu mpaka getini, akashika fremu ya mlango, kisha akanipita kama mtu anayepita kiti, ndala moja ikabaki kizingitini. Walikutana katikati ya ua. Walikuwa wakilia na kusemezana kwa Kimachame, wote wawili kwa pamoja, haraka, nami Kimachame chenyewe nakisikia nusu tu.

Nilisimama pale na hotuba yangu yote mdomoni. Sijaitoa mpaka leo, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.