Mtabiri wa Theluji wa Merrylands

Kwa miaka mitatu nilikuwa mtabiri wa hali ya hewa wa kanisa letu la wahamiaji hapa Merrylands, ughaibuni, kazi ambayo hakuna aliyenipa. Riziki yangu ilikuwa kupanga maboksi kwenye ghala la Lidcombe. Lakini mwaka 2012 nilisema pikniki ya Pasaka iahirishwe, mvua ikanyesha, na tangu hapo kila Ijumaa nilituma utabiri kwenye kundi la WhatsApp la kanisa bila kuombwa.

Utaalamu wangu ulitoka Kinangop, nyanda za baridi nilikokulia, kwa Mama. Jioni alitoka nje, akatazama juu, akatutuma tufunike kitalu cha kabichi kwa nyasi. Wingu ni blanketi, alisema. Anga likiwa tupu ndipo sakitu, ule umande ulioganda, hushuka alfajiri na kuchoma miche. Miche yetu haikuungua hata mwaka mmoja. Nikajiona nimerithi kipaji.

Julai 2015, ambayo huku ni majira ya baridi, Mama alikuwa amekuja kututembelea, na tiketi yake ya kurudi ilikuwa ya Jumanne. Hakutaka kuonyeshwa madaraja. Alitaka kushika theluji, maana aliwaahidi akina mama wenzake wa Njabini, kule nyumbani. Redio ikatangaza theluji milimani, Katoomba, siku ya Jumamosi. Familia sita zikajiandaa kwenda naye.

Jumamosi asubuhi nilitoka uani nikaona mawingu mazito. Nikaicheka redio. Na blanketi lote hilo, theluji itoke wapi? Nikaandika kwenye kundi, kwa maneno niliyoyaokota kwenye intaneti: "Leo hakuna theluji. Kuna mvua itakayogandia barabarani, magari yatateleza. Twendeni kesho, anga litakuwa safi." Mushagalusa, mzee wa kanisa na dereva wa lori, aliuliza kama nina hakika. Nilimjibu kama mtu aliyeulizwa kama anajua jina lake.

Saa saba Chepngetich, nesi wa kanisani kwetu anayefanya kazi Katoomba, akatuma picha. Gari lake lilikuwa limezama kwenye theluji hadi nusu ya matairi. Familia moja baada ya nyingine ikajitoa kwenye safari.

Jumapili tulikwenda watatu tu: mimi, Mama na mke wangu. Anga lilikuwa safi kama nilivyotabiri, na jua lilikuwa limeshayeyusha kila kitu. Tukangoja. Saa tisa wingu likaja, likamwaga mvua iliyochanganyika na theluji. Mama akakinga kiganja, lakini kila kipande kikawa maji kabla hajafunga vidole. Alijaribu mara nyingi. Nilitamani ardhi inimeze.

Garini Mama aliongea Kiswahili, ili Léonie, mke wangu, mtu wa Bukavu asiyejua lugha ya kwetu, naye asikie.

"Kinuthia, kumbe ile habari ya wingu uliiamini?"

Nikamwambia yeye ndiye aliyenifundisha.

"Mimi sikujua lolote. Niliwaambia mfunike miche kila jioni, kuwe na wingu au kusiwe. Ingeungua vipi?"

Léonie alicheka hadi akasimamisha gari kando. Mama akasema akina mama wa Njabini atawaambia theluji ameishika, na mimi ni shahidi.

Jumanne, nje ya uwanja wa ndege, anga lilikuwa tupu na jua linawaka. Mama akatazama juu, akaniambia nivae sweta, baridi inakuja. Nikaivaa. Nilirudi nayo kwa treni mpaka Merrylands, nikitokwa na jasho, na sikuivua.