Kipimo cha Mama wa Gazi

Juzi, kwenye mlango wa nyuma wa jiko la hoteli moja ya Diani, mama wa Gazi aliyekuja kutafuta kazi alifunua kawa juu ya sinia yake. Palikuwa na vitonge vya tende, karanga na ufuta.

"Shikamoo mama. Umevioka kwa moto gani?" akauliza mpishi mkuu wetu, mtu wa bara.

"Marahaba mwanangu. Sikuoka, nimetwanga kwa kinu."

"Sukari je?"

"Ya nini, na tende imo?"

Mpishi akala kimoja, akachukua cha pili, ndipo akatoa kalamu. "Nipe vipimo."

Mama akamfunulia kiganja. "Napimia hiki, nacho hakiandikiki. Ukikitaka, niajiri."

Jumatatu alianza kazi. Nami, mpishi msaidizi na mtoto wa Pwani kama yeye, mwenye shahada ya upishi na ninayepima hata chumvi kwa kijiko, siku hiyo nilirudi nyumbani kifua mbele kana kwamba nimeajiriwa mimi.