Sheria niliyoipendekeza mwenyewe inanizuia kumtoa binti yangu siku ya harusi

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Admin, nifichie jina tafadhali, maana Mpanda hapa tunajuana mpaka rangi za mapazia. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nane, mjane, naishi Kawajense, nashona nguo hapo hapo nyumbani. Nilizaliwa Katumba, nikaokoka nikiwa binti, na tangu hapo sijawahi kuchezea mambo ya Mungu. Wanaonijua wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao.

Miaka mitatu iliyopita kanisani kwetu alikuja mchungaji mpya. Mwanzoni alihubiri vizuri. Baadaye yakaanza mafuta, maji ya chupa, vitambaa vya kulalia. Ikafika mahali anasema msalaba peke yake hautoshi kama huna mafuta yake nyumbani. Jamani! Mimi nimelelewa kwamba damu ya Yesu inatosha, na Biblia haiongezwi wala haipunguzwi. Nikasimama katikati ya ibada nikamuuliza, "Mchungaji, hilo umelitoa kitabu gani?" Wahudumu wawili wakanitoa nje, mmoja kila mkono. Tukaondoka watu kumi na wanne, tukaanza kusali sebuleni kwangu. Viti vya plastiki, hakuna spika, Neno tupu. Sijutii mpaka leo, na anayetaka kuja hapa kutetea maji ya chupa apite tu na safari yake.

Kosa langu ni hili. Baada ya muda nikaona baadhi ya wenzetu wanarudi kule kimya kimya, leo kwaya, kesho mkesha. Nikaogopa tutamezwa. Kwenye kikao nikapendekeza kwamba yeyote kati yetu atakayeingia kwenye jengo lile, kwa sababu yoyote, asishiriki Meza ya Bwana miezi sita. Mzee wetu akauliza, "Hata msiba?" Nikajibu, "Hata msiba. Tukianza kuchagua, tumekwisha." Wote wakanyoosha mikono. Nikaiandika mimi kwenye daftari kwa sababu mimi ndiye katibu.

Wa kwanza kuingia kwenye adhabu alikuwa dada mmoja wa Nsemulwa. Kaka yake alifariki, mwili ukaagwa kule, naye akaingia kumuaga. Jumapili ya Meza kikombe kilipomfikia, mimi ndiye niliyekipitisha juu ya mkono wake nikampa aliyefuata. Alilia mpaka ibada ikaisha. Nilimhurumia, lakini nikajiambia sheria ni sheria.

Sasa zamu yangu imefika. Nina mtoto mmoja tu, binti wa miaka ishirini na nne. Yeye alibaki kule na kwaya yake. Anaolewa Jumamosi hii, humo humo, na kijana wa kwaya, kijana mwenye adabu zake, sina neno naye. Kwa desturi yetu mchungaji anauliza, "Nani anamtoa binti huyu?" Mzazi anasimama, anajibu, anaweka mkono wa binti kwenye mkono wa mume. Baba yake hayupo duniani. Nimebaki mimi.

Nimejaribu kila njia. Niliomba ndoa ifungiwe nyumbani kwa kijana, mchungaji akakataa. Nikamwambia binti nitasimama mlangoni. Akaniuliza, "Mama, mtu anamtoaje mwanae akiwa nje?" Halafu akaongeza, "Sijakwambia uyaamini mafuta yao. Hata mimi siyapaki. Nakuomba dakika tano tu za kuwa na mama yangu." 

Nikalipeleka jambo hilo kwa wenzangu tunaosali nao. Mzee akafungua daftari akasoma taratibu, wala hakunikemea. "Dada, mwandiko si wako huu?" Yule dada wa Nsemulwa ndiye aliyenitetea. "Mwacheni akamtoe mtoto. Mimi adhabu yangu nimemaliza, sina kinyongo." Nyie, nilitamani ardhi ipasuke. Wengine wakakataa. Wakasema tukimwachia katibu, kesho kila mtu atakuja na sababu yake. Na kwa vile mimi ni kiongozi, nikiingia kule miezi sita haitoshi, watahamishia ibada nyumba nyingine na mimi sitakuwa tena mmoja wao. Siwezi hata kuwalaumu. Ningekuwa nimekaa upande wao ningesema hivyo hivyo.

Hawa ndio walionipikia na kuniogesha nilipolazwa mwaka jana. Tunaoamini hivi tumebaki wachache sana hapa mjini, nikiwapoteza sina pengine pa kwenda kusali. Tena dhamiri yangu yenyewe inanisumbua. Nikisimama mbele ya mchungaji yule nikamwitikia, si nitakuwa nimewaambia watu wote kwamba alikuwa sahihi?

Binti yangu alipokuwa analia nilikuwa na nguvu za kubishana naye. Jana amenipigia simu, sauti ya upole kabisa, kuniambia amemwomba baba yake mdogo ajiandae kumtoa, "ili wewe usisumbuke, mama." Afadhali angenitukana. Tangu hapo sijala, cherehani nimeifunika, nguo za watu zimelala.

Ndugu zangu, msinitumie aya. Za kujitenga nazijua, za kuwatunza walio wa nyumbani mwako nazijua, nazisoma zote naishia kulia. Nataka ushauri wa mtu aliyezaa. Nivae nguo niende nipoteze watu wa imani yangu, au nibaki nimpoteze mtoto niliyebaki naye? Nisaidieni kuamua kabla ya Jumamosi, maana najijua, nikiachwa peke yangu nitakaa kitandani nikiangalia ukuta mpaka nisikie vigelegele vya watu wakimrudisha kutoka kanisani.